Mahari Yako Iko Hapa

Kibomet, Kitale
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Mulembe. Nakusalimu tena mara ya pili, mulembe, kwa sababu najua ile ya kwanza umeipokea ukiwa umenuna. Goti lako linaendeleaje? Unaenda na fimbo ama bado unaona aibu? Na binti yangu Mercy, anakula vizuri? Mwambie sketi ya shule nimeona moja soko la hapa, naileta mwenyewe. Mimi ni mzima wa mwili, ashukuriwe Mungu, lakini roho yangu haijatulia tangu wiki mbili zilizopita. Nikikumbuka, kalamu inakimbia yenyewe, ndiyo maana mwandiko huu unapanda na kushuka.

Mama, kaka Wanyonyi ameniambia umekasirika. Ati Senge, dada ya Baba, aliniona Chwele, nimeteremka na mfuko, nikapanda gari la Lwakhakha, na nyumbani Bumula sikufika. Na Senge, vile namjua, hakuchelewa. Boma nzima sasa inasema nimepata bwana Lwakhakha. Bwana! Kama ningekuwa na bwana, si Senge angemjua kabla yangu? Lakini sikatai, Mama. Aliniona mimi, na ni kweli nilipita karibu na nyumbani kwetu na sikuingia. Nilimwona pia. Nikajificha nyuma ya mama wa ndizi.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga, kwa sababu simu yako ikilia mke wa Wanyonyi anaiweka spika, ata kuku wanasikiza. Na hii habari si yangu pekee. Barua nimempa Mama Simiyu akuletee mkononi. Ukimaliza kusoma uiweke ndani ya Biblia, na Senge akiuliza mwambie ni mambo ya kanisa.

Habari yenyewe ni hii. Kuna mama na binti yake ambao hawakuwa wamesemezana miaka kumi na moja, na ulimi wangu mimi, huu ulionipa wewe, uliingia katikati yao kwa makosa. Siku nyingi sikujua kama nimeponya nyumba ya watu ama nimeibomoa.

Unajua nafanya kazi kwa Mama Sudi, yule mama Mwislamu, mjane, ambaye macho yake yalishikwa na mtoto wa jicho. Sasa anaona mwanga na vivuli tu. Nilikuambia napika, nafua, nampeleka hospitali. Kitu sikukuambia, kwa sababu niliona utanicheka, ni kwamba kazi yangu kubwa ni kutazama TV. Haki, Mama. Nalipwa kutazama TV. Mama Sudi anapenda sana michezo ya Waturuki, zile za sizoni na sizoni, kwa sababu anasema watu wake wanasalimiana kiungwana na wanawake wanaheshimu chai. Mwanawe Sudi, aliye Nairobi, alimnunulia skrini kubwa akiwa bado anaona. Sasa Waturuki wanaongea Kituruki, na maandishi ya Kiingereza yanapita hapo chini mbio mbio, na yeye haoni. Basi naketi kando yake kwa mkeka, namsomea kwa Kiswahili: huyu amesema hivi, yule amejibu hivi, sasa wananyamaza, sasa mwanamume anaangalia bahari kama ameibiwa.

Kuna moja ndiyo kipenzi chake. Ni ya mama tajiri anayeitwa Saliha, ambaye alimfukuza binti yake kwa sababu ya mwanamume. Sizoni mbili tulikuwa tumeitazama, halafu ikakatika pale binti amerudi na amesimama nje ya geti, mvua inanyesha. Ikaisha hapo! Mwaka mzima na nusu, Mama Sudi anauliza, "Nafula, hawajafungua geti?" Kama mimi ndiye niliye na funguo.

Mwezi jana yule mwenye duka la muvi akatuambia inarudi. Sizoni ya tatu iko njiani. Mama Sudi akaamka kwenye kiti. Akasema hatuwezi kuingia sizoni mpya kama watu wa kubahatisha, lazima turudie yote kutoka mwanzo tusisahau kitu. Yote! Na episodi moja ni masaa mawili. Nikaenda na flashi ikajazwa mpaka ikakataa. Tukaanza Jumatatu baada ya chai ya asubuhi. Tunatazama mpaka adhana ya adhuhuri, anaswali, tunakula, tunarudi. Maharagwe niliunguza mara tatu. Stima ikipotea anakasirikia serikali kwa majina. Nikisema macho yangu yamechoka anasema, "Yako yamechoka, yangu je? Ongeza." Ikafika mahali nikienda dukani namwona muuza sukari namtafutia maandishi chini ya kidevu.

Na ananicheka, Mama. Unajua vile sisi tunaongea. Mimi L na R zinanichanganya ulimini, kuandika najua lakini kusema zinabadilishana zenyewe. Nikisema "nimekura," ananiuliza, "Umepiga kura wapi, na nani amesimama?" Nikisema anga inawaka "rangi" anasikia "langi" na anauliza hiyo inauzwa duka gani. "Nyinyi watu wa Bungoma," anasema, "Mungu aliwapa R na L mkazigawa bila mkutano." Tunacheka, maisha yanaendelea. Sikujua kicheko hicho kitatuletea nini.

Siku ya kumi tukafika mwisho wa sizoni ya pili. Saa kumi za mchana, nimemtilia chai ya tangawizi. Binti amesimama nje ya geti. Mimi nilikuwa nakumbuka inakatika hapo hapo. Kumbe mwenye duka alitupatia ile kamili, iliyo na dakika chache ambazo mara ya kwanza hatukuona! Geti likafunguka. Saliha akatokea na shali nyeusi, akamwangalia binti yake muda mrefu, akasema maneno mawili matatu tu. Kiingereza chake kilikuwa chepesi, kwamba nafasi yako iko hapa, sijampa mtu mwingine. Mimi kwa haraka, na machozi yananitoka, nikasoma hivi:

"Anamwambia, mahari yako iko hapa. Sijawahi kumpa mtu."

Mama, nilitaka kusema mahali. Sikia vile ilitoka.

Kikombe cha Mama Sudi kikaanguka. Chai yote kwa mkeka. Nikakimbia kuchukua kitambaa, akasema, "Zima."

"Bado dakika mbili, Mama Sudi, wanakumbati..."

"Nimesema zima!"

Nikazima. Alikuwa amegeuza uso kwangu, yale macho meupe yamenilenga sawasawa, kwa mara ya kwanza nikaogopa kama ananiona. "Nani amekutuma?" akauliza.

"Kutumwa nini?"

"Wewe ni wa Bungoma. Mwanamume yule ni wa Bungoma. Umelala kwangu miaka miwili, unakula kwangu, kumbe ulikuwa unangoja siku ya leo unitolee siri yangu kwa mdomo wa Waturuki!"

Siri gani? Mwanamume gani? Nikaapa kwa jina la Yesu, nikakumbuka yeye ni Mwislamu, nikaapa kwa jina la Mungu. Nikafikiri leo nafukuzwa, na Mercy anataka sketi. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Ondoa TV hapo ilipo. Iweke chini. Kisha funua."

Ile TV, Mama, inakaa juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha kufuma mpaka sakafuni, na chini ya kitambaa kuna nailoni nzito imefungwa kamba. Mimi hupangusa juu tu. Nikaweka TV chini. Nikafungua kamba, nikafunua nailoni. Si meza. Ni cherehani! Cherehani ya miguu, mpya kabisa, karatasi ya dukani bado iko kwa gurudumu, na kwa droo yake bangili mbili za dhahabu ndani ya kitambaa. Nilikaa chini pale pale kwa chai.

Ndipo akaniambia. Mimi miaka miwili nimejua Sudi ndiye kifungua mimba wake. Kumbe kuna binti mkubwa kuliko Sudi. Anaitwa Zubeda. Kumbe zamani mtaa wote ulimwita mama huyu Mama Zubeda, mpaka alipowakataza. Zubeda alipendana na mwanamume wa Lwakhakha, wetu kabisa, Mbukusu, ambaye alisilimu akaitwa Yusuf ili amwoe. Mama yake hakuamini kusilimu kwake, alisema ni kanzu ya kuazima. Sasa kwao, Mama, mahari si ng'ombe za kupelekwa kwa baba kama kwetu. Mahari ni ya bibi arusi mwenyewe, anaitaja kwa mdomo wake na ni mali yake. Zubeda akataja cherehani na bangili mbili. Yusuf akatafuta, akaleta kwa mlango wa mbele, mzee mmoja wa msikiti akiwa shahidi. Na Mama Sudi akapokea.

Halafu usiku hiyo hiyo akabadilisha moyo. Akamwambia Zubeda, ukitoka na huyu usirudi. Zubeda akatoka. Wakafungishwa ndoa huko Lwakhakha. Yule mzee shahidi akafariki mwaka uo huo. Na mtaa ulipouliza, Mama Sudi akawaambia ati binti yake amechukuliwa bure. Ata Sudi alimwambia hivyo. Bure!

Nikamuuliza, "Lakini si ungerudisha?"

"Ningerudisha, ningekuwa nimemkata kabisa," akasema. "Ningempa, ningekuwa nimekubali ndoa. Nikaifunika. Nilisema kesho nitaamua. Nilijua mume atamwambia, na atakuja kuidai kwa kelele, na hapo nitapata sababu ya kumwona. Hakuja. Nikajua hajui." Akajipangusa na mtandio. "Na leo Mungu ameniita kwa jina."

Mama, nilikuwa bado sijaelewa! Nilimwona tu analia, nami nikalia. Ni kesho yake nikiosha vyombo, najisomea ile sentensi kwa mdomo vile naipenda, ndipo nikaisikia. Mahari yako iko hapa. Sijawahi kumpa mtu. Sufuria ikaniponyoka. Mayi we! Ni mimi! Si Mungu, si Saliha, ni R yangu! Na kama ningesema "mahali pako" vile mwalimu alitufunza, hiyo "pako" ingeniokoa. Lakini nani kwetu husema pako? Nikasema "yako," ikakaa sawa kabisa kwa mahari.

Nikasimama jikoni, mkono kwa mdomo. Nimwambie? Nikimwambia ni makosa ya ulimi, si atafunika tena ile kitu, afunge kamba, na arudishe TV juu? Nisipomwambia, namdanganya mama kipofu, tena kwa jina la Mungu. Kabla sijaamua akaniita. "Nafula, utaenda Lwakhakha. Sitaki simu. Nenda umwambie uso kwa uso mahari yake iko." Nikasema ndiyo, nikanyamazia yale mengine. Huo ndio uoga wangu, Mama, naukubali.

Ndio sasa ukasikia nimeonekana Chwele. Nilikuwa nimebeba neno la watu kichwani na niliogopa nikiingia nyumbani utaniuliza, nami sijawahi kukuficha kitu ukiniangalia. Unisamehe.

Zubeda nilimpata karibu na mpaka, anashonea kwa veranda ya duka la vitenge. Na unajua anashonea na nini? Cherehani ya mtu. Ya kukodi. Ina gurudumu limefungwa na waya. Anafanana na mama yake mpaka nikaguna. Nilipotaja natoka wapi mguu wake ukasimama kwa pedali. Nikampa ujumbe vile nilitumwa. Nilitegemea atapiga nduru, ama atalia, ama atasema ni uongo.

Akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Si mimi niliichagua dukani? Tulienda na Yusuf tukiwa wawili. Nilijua ilifika siku ile ile."

Nilimwangalia, Mama, na nikashindwa kufunga mdomo. "Na ukaacha watu wanasema ulichukuliwa bure? Miaka kumi na moja? Ata ndugu yako?"

Akakata uzi kwa meno. "Ningesema ilitolewa, wangeuliza iko wapi. Mama yangu angeitwa mwizi katika mji aliozaliwa. Nikaona afadhali mimi niitwe wa bure." Akainamisha kichwa. "Nilikuwa nangoja aseme yeye. Mume wangu amekasirika miaka yote, lakini nilimwapisha asiseme."

Hapo nilimwambia ukweli wote, kwa sababu mtu kama huyo huwezi kumpa nusu. Nikamwambia juu ya Saliha, na geti, na ulimi wangu. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka wateja wakageuka, halafu kicheko kikageuka kilio. Kumbe naye anaitazama ile ile! Kwa simu, akishona, na sizoni mpya ameshaanza kuipata kwa mtu wa upande wa Uganda. Nikamuuliza, basi utakuja? "Kwa hivyo hakutaka kusema," akaniambia. "Alifikiri ameshikwa." Akanikaribisha ugali na samaki, akanisindikiza, lakini neno la kuja hakunipa. Nikarudi Kitale mikono mitupu.

"Amesemaje?" Mama Sudi akauliza mlangoni. Nikasema amesikia. "Amesikia, halafu?" Amesikia tu. Akakaa siku tano hataki TV. Mama, nyumba ilikuwa kimya! Nilianza kuwakumbuka Waturuki kama watu wa ukoo. Kila honi ya bodaboda ikilia kwa lango anainua kichwa.

Jumatano sizoni ya tatu ikafika dukani. Nikaileta nyumbani nikifikiri itamchangamsha. Akakubali. Ikaanza. Na episodi ya kwanza tu, dakika ya kwanza, binti wa Saliha anafungua macho. Yuko kitandani, mji wa mbali. Geti, mvua, shali nyeusi, yote alikuwa anaota! Ndoto! Waandishi gani hawa? Mwaka mzima na nusu watu wamengoja, wanatuletea ndoto! Nilikuwa na nafasi ya kudanganya, Mama. Haoni. Ningesema wanakunywa chai. Lakini nilikuwa nimechoka kuficha. Nikasoma vile ilivyo.

"Ndoto?" akasema.

"Ndoto, Mama Sudi."

"Kwa hivyo mama yake hakusema yale maneno."

Hapo ikabidi. Nikazima mwenyewe, nikapiga magoti kwa mkeka. Nikamwambia, hakusema, na ata kwa ndoto hakusema mahari. Alisema mahali. Nafasi ya kukaa. Ni ulimi wangu uliteleza, na hakuna mtu alinituma, na hakuna mtu alijua siri yako ila Zubeda na mume wake. Nikamwambia na hiyo pia, kwamba Zubeda alijua tangu siku ya kwanza, na kwa nini alinyamaza. Nikangoja anifukuze.

Hakunifukuza. Alikaa, midomo inatembea bila sauti, anarudia yale maneno mawili kama mtoto wa nasari. Mahari. Mahali. Halafu akasema kitu ambacho sijui kama nitakisahau nikiwa hai.

"Basi ndio mbaya zaidi, Nafula. Mahari nilimwekea. Mahali sikumwekea."

Akasimama bila fimbo. Akapapasa ukuta mpaka kile chumba cha nyuma ambacho tunaweka mahindi na matairi ya zamani ya Sudi. Kumbe ndicho kilikuwa chumba cha Zubeda. Akaanza kuvuta gunia kwa mikono yake, mama wa miaka yake, haoni! Nilimwambia aache, akasema, "Wewe shika upande ule." Siku mbili tulifanya hiyo kazi. Tukatoa magunia, tukafukuza panya, nikapaka chokaa, nikaleta kitanda. Cherehani tukaivuta mpaka dirishani. Na mimi moyoni nasema, tunamwandalia nani, na huyo mtu hajasema anakuja?

Jana, Mama. Jumamosi, saa nane mchana. Tumerudi kwa episodi ya nne, TV iko chini kwa sakafu kama mgonjwa, mimi nasoma. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto la jiko. Nikaona kivuli. Ni Zubeda, amesimama kizingitini na mkoba mmoja, mtandio umemteleza. Ananiangalia mimi, haangalii mama yake, anaogopa. Machozi yanashuka na sauti haitoki.

Mama Sudi akageuza shingo. "Nani ameingia?"

Nikapunguza sauti ya TV.

"Nafula. Kuna mtu. Anasema nini? Nisomee."

"Hasemi kitu, Mama Sudi. Analia tu."

Mkono wa yule mama ukaanza kutafuta hewani. Zubeda akavua viatu, akaja, akapiga magoti, akaweka kichwa chini ya ule mkono. Mama Sudi akapapasa paji la uso, nyusi, sikio, akashuka mpaka kidole cha kati kwenye mkono wa kulia, pale pagumu pa kusukuma sindano, akakikamata. Hakuna aliyesema pole. Hakuna aliyesema nisamehe. Mimi nilikuwa nimebana kitambaa cha jikoni kwa meno.

Zubeda ndiye alianza. Akajipangusa pua, akaangalia skrini, akauliza, "Mmefika wapi?"

"Ya nne," mama yake akasema. "Lakini wewe hutaelewa, umekosa mengi. Keti nikusimulie kutoka mwanzo."

Na akamsimulia, Mama! Yule ambaye nimemsomea mpaka koo ikakauka, sasa ni yeye anasimulia. Saliha alivyokuwa, alivyomfukuza binti, alivyojuta na kiburi kikamkataza. Alisimulia mpaka adhana ya alasiri, ameshika kile kidole. Na Zubeda, ambaye ameitazama yote, ambaye ameshafika episodi ya tisa na anajua nani atakufa na nani ataolewa, alikaa pale kwa mkeka anasema, "Kweli, Mama?" na "Haiwezekani!" na "Halafu akafanyaje?" Mara moja tu aliniangalia, akanikonyeza nisiseme. Nikaenda jikoni nikalia nikiwa peke yangu. Chapati nikaziunguza pia.

Hiyo ndiyo Lwakhakha yangu, Mama. Huyo ndiye bwana ambaye Senge aliona.

Sasa naomba kitu. Najua ulipoambiwa nilipita Chwele ulisema hauna shida. Wanyonyi aliniambia ulisema hivyo na ukaenda kulala bila kula. Usiniwekee hasira chini ya kitambaa. Nimepewa ruhusa, Zubeda yuko hapa atanishikia kazi wiki moja. Nakuja Jumamosi. Unikemee vile unataka, ata kabla sijaketi, ata mbele ya watu, nitasikiza mpaka mwisho.

Nisalimie Baba, umwambie apunguze tumbaku. Nisalimie Wanyonyi na mke wake, na simu yake ya spika. Mercy mbusu kwa niaba yangu. Kuka, baba ya Baba, mpigie kelele karibu na sikio umwambie Nafula anamkumbuka. Na Senge pia msalimie, mwambie Jumamosi asimame stendi ya Chwele mapema, safari hii nitampungia mkono. Mama Sudi anakusalimu sana. Sijui sasa nimwite Mama nani, tangu jana anaitikia majina yote mawili.

Usipike kitu. Fungua tu mlango.

Mimi binti yako,
Nafula